Mguu wa Mwenyekiti

Watu wakimsifu Mwenyekiti mbele yangu huwa nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitaharibu shughuli. Wanasema alikuwa mama wa wote. Kweli alikuwa. Wanasema hakuna msiba aliokosa hapa Wembley, London, wala harusi, wala mzazi aliyelala bila kupikiwa. Kweli kabisa, mimi ndiye niliyekuwa katibu wake, najua. Lakini mtu anaweza kuwa mwema mpaka akakuchefua, na huyu mama aliniudhi kuliko mtu yeyote niliyekutana naye katika nchi hii.

Chama chetu ni cha kinamama wa Kitanzania, wachache tu, wengine wa Harrow, wengine wa huku kwetu, na tunakutana nyumba kwa nyumba. Yeye alikuwa hakai. Ukimvutia kiti anakipitisha kwa mwingine, anaegemea friji, kikao kizima anakiendesha wima. Tukimtania, anacheka: "Nikikaa nitalala, nikilala mtamaliza vitumbua." Mimi aliniita Katibu. Hakuwahi kuniita jina langu, hata siku nilipofiwa na baba. Alinishika mabega akasema, "Pole, Katibu, lia," kisha akaingia jikoni kwangu akawafukuza wote waliokuwamo, akaosha vyombo mwenyewe.

Alikuwa mkali. Siku moja alikufa baba wa familia ya Kikongo, majirani wa mmoja wetu, na mtu akauliza kikaoni kama sisi inatuhusu, maana chama ni cha Watanzania. Mwenyekiti alimwangalia yule dada tangu unyayoni mpaka kwenye kilemba. "Maiti ana pasipoti?" akauliza. Jioni hiyo hiyo tulikuwa kule na masufuria yetu, na aliyeuliza ndiye aliyebebeshwa mchele.

Kazi yake ilikuwa kugawa chai kwenye treni za kasi zinazotoka stesheni ya Euston kwenda kaskazini, zile zinazolala zikifika konani. Kama hujazipanda ni vigumu kuelewa. Treni nyingine ikifika konani inapunguza mwendo, inanyata. Hizi zinapita na kasi yao, behewa lenyewe linainamia upande wa ndani kama mwendesha pikipiki. Uliyekaa unaona tu shamba lote limepanda dirishani, halafu limeshuka. Lakini aliyesimama katikati, na toroli, na maji yanayochemka, huyo ana kesi ya kujibu. "Ikilala, usilale nayo," alikuwa akituambia, "utajikuta mapajani kwa mume wa mtu." Alituonyesha sebuleni jinsi ya kusimama: miguu imeachana, magoti yamelegea kidogo, uzito wote kwenye mashavu ya miguu. Siku nzima hivyo, Euston mpaka Glasgow, kesho yake anarudi.

Mazoea ya treni alikuja nayo nyumbani. Kwake ulimiminiwa nusu kikombe, isije ikamwagika, hata ungekuwa askofu. Wageni wapya walidhani ni mchoyo, wakaenda kumsema. Na ile treni aliipenda kama watu wa kwao Mara wanavyompenda ng'ombe wa maziwa: anaisema, anailalamikia, lakini ole wako wewe uikosoe. Niliwahi kumwambia kwamba mimi kule kulala kwa treni kunanitia kichefuchefu. Alininunia wiki nzima.

Basi mchana ile miguu ilifanya kazi, na usiku ilidai haki yake. Alisema maumivu huanzia kidole gumba, kinajipinda chenyewe, kisha shavu la mguu linakaza linakuwa jiwe, unaliona kabisa linavyotembea chini ya ngozi. Hapo anaruka kitandani akipiga kelele, "Mama wee!", anatafuta sakafu ya baridi aikanyage. Mzee wa Kihindi wa nyumba ya chini, mzaliwa wa Mwanza, hakumlalamikia. Alimpandishia chupa ya mafuta ya haradali na kumwambia, "Pole dada, paka hii." Akapaka. Sisi nasi kila mmoja na dawa yake: kula ndizi mbivu, kunywa maji yenye chumvi kidogo, kulala na soksi. Mwingereza mwenzake wa kazini akamwambia alaze kipande cha sabuni chini ya shuka, karibu na miguu. Akakilaza. Asubuhi miguu ni ile ile, ila shuka linanukia.

Kilichomsaidia kidogo ni kujinyoosha kabla ya kulala, mikono ukutani, visigino chini, hesabu pole pole. Na mguu ukimkamata kweli kweli, dawa ni moja: vidole vya mguu vivutwe virudi nyuma kuelekea gotini, mguu umenyooka. Tatizo lake, mtu mwenye maumivu yale hafiki kwenye vidole vyake mwenyewe. Sharti awepo mtu wa kukushika. Yeye mumewe alishafariki, na alikuwa anaishi peke yake.

Nilimsihi mwaka mzima aende kwa daktari. Akaenda. Akarudi kwangu moja kwa moja, amefura, anafungua mkoba kabla hajavua koti.

"Katibu, soma hapa. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Kwinini.

"Mimi na malaria wapi na wapi? Nimemwambia mguu! Ameangalia uso wangu akaona mbu!"

Mimi nafanya kazi hospitali, wodi ya wazee. Nikamweleza kwa utulivu kwamba madaktari wa huku, vingine vyote vikishindikana, huweza kumpa mtu kwinini kwa ajili ya misuli inayokaza usiku, tena kwa tahadhari, na kwamba hakuna aliyemtukana. Wapi! Akaanza kunihadithia kwinini ya utotoni kwao, jinsi masikio yalivyovuma mpaka akawasikia marehemu wakiitana. Kesho yake akarudi zahanati kumgombeza yule daktari, binti mdogo tu, ambaye aliomba radhi bila kujua anaombea nini. Dawa hakuimeza hata moja. Nilitamani kumshika nimtikise. Maumivu unayo, dawa unayo, na unachagua kukasirika!

Sasa sikiliza kinachoniuma.

Neno lake kubwa kwenye chama lilikuwa "Mficha uchi hazai." Alilisema mpaka tukalisikia ndotoni. Palikuwa na bwana mmoja wa Rayners Lane, alipoteza kazi, akawa anaaga nyumbani kila asubuhi na kwenda kukaa maktaba mpaka jioni, mkewe hajui. Mwenyekiti akaligundua. Akamketisha yule bwana mbele ya mkewe na mbele yetu, yeye mwenyewe wima kama hakimu. "Sema. Mficha uchi hazai. Sema tukusaidie." Yule bwana akasema. Mkewe akalia, halafu akamkumbatia, na ndani ya mwezi, mwenzetu mmoja wa Harrow akawa amemtafutia kazi nyingine. Mwenyekiti alijivunia ile siku. Aibu za watu alizifukua kama viazi, akaziosha, akazipika, tukala. Na mara nyingi alikuwa sahihi.

Ya kwake aliifukia.

Alikuwa na binti mmoja, Esta. Kazaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakielewa chote, anakujibu kwa Kiingereza. Aliolewa na kijana wa Kizungu, mwalimu wa michezo, wakaenda kuishi Preston, mji ambao treni ya mama yake inapita na kusimama kidogo, watu wanashuka, wanapanda, inaondoka. Esta alipojifungua, Mwenyekiti alichukua likizo ya mwezi. Tulimfungia ndizi, nyama, unga wa uji, vitenge vya kumbebea mtoto. Tukamsindikiza Euston tukipiga vigelegele mpaka watu wakatupiga picha.

Siku ya tatu alikuwa amerudi Wembley. Siku ya nne alikuwa kazini, anagawa chai.

"Wako salama," ndiyo yote aliyotuambia. Ukiuliza zaidi: "Hayo ni ya familia." Miaka mitatu! Miaka mitatu treni inasimama Preston, na mtoto anakua pale pale mjini, anaota meno, anatembea, na bibi yake yuko ndani ya behewa anapanga vikombe. Esta aliacha kumpigia simu. Mimi alinipigia mara moja, akaniambia kwamba mama yake amemkimbia mumewe kwa sababu ni mweupe, na kwamba mtu akikataa baba wa mtoto amemkataa na mtoto. Niliamini hivyo hivyo.

Halafu ikafika ile Jumamosi. Mama mmoja wa Harrow alikuwa ametoka hospitali na mtoto mchanga, na tulikuwa jikoni kwangu, mimi na Mwenyekiti, tunamwandalia mtori. Yeye anamenya ndizi, mimi nakata nyama. Akaanza hotuba zake.

"Mzazi asiachwe peke yake hata kidogo, Katibu. Nchi hii baridi. Mwili uko wazi, moyo uko wazi. Mwanamke anakumbuka mpaka kufa nani alikuja na nani hakuja."

Nikaweka kisu chini.

"Na wa kwako? Esta nani alimpikia mtori?"

"Chunga mdomo wako, Katibu."

"Nimeuchunga miaka mitatu! Sisi tunaambiwa maiti hana pasipoti, kumbe mkwe anayo? Kumbe mkwe lazima awe mweusi?"

Akageuka. Nilidhani atanipiga na ndizi.

"Mweusi? Nani kasema mweusi? Angekuwa mweusi, anajua mila, si ndiyo ningekufa kabisa!"

Sikuelewa. Akanieleza, amenipa mgongo, anamenya. Kwao Mara mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani mmoja hupisha, na wakiwa na neno, linapitia kwa mtu. Si chuki, ni heshima, ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Alipofika Preston aliomba apangiwe chumba hoteli. Esta akalia: mama yangu alale hoteli na mimi nina nyumba? Akakubali, akalala kwenye kochi la sebuleni.

"Usiku wa pili mguu ukanikamata," akasema. "Huu wa kulia. Haujawahi kunikamata vile. Nikapiga kelele. Akaja yeye."

"Nani?"

"Yule. Kifua wazi, kikaptula. Na mimi gauni la kulalia limepanda mpaka huku." Akaonyesha kwa kisu, sitasema wapi. "Akapiga magoti. Akanishika mguu, Katibu. Akakiweka kisigino kifuani pake, akavisukuma vidole."

"Halafu?"

"Halafu maumivu yakaisha."

"Yakaisha?"

"Yakaisha kabisa. Ndiyo mbaya zaidi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha kicheko kikakatika, ikapanda hasira ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi. Kulipokucha mama huyu alichukua begi lake akapanda treni ya kwanza, hakuaga, amemwacha mtoto wa kwanza wa binti yake na nyuzi za uzazi hazijatoka, kwa sababu mtu alimponya mguu!

"Ungemwambia Esta," nikasema. "Neno moja tu."

"Nimwambie nini? Kwamba mumewe ameona mapaja ya mama yake? Atamwangaliaje? Mimi nitamwangaliaje?"

"Bora afikiri unamchukia?"

Kisu kikasimama katikati ya ganda. Hilo lilimwingia, niliona.

"Mficha uchi hazai, Mwenyekiti! Si ndivyo unavyotuambia? Wengine wote wavuliwe nguo hadharani, wewe tu ujifunike?"

"Mimi nimeshazaa," akasema, na akaendelea kumenya ndizi.

Jamani. Kuna majibu yanayokufanya utake kuvunja sahani. Mtori tuliupeleka Harrow, alimlisha yule mzazi kijiko kwa kijiko, akamkanda mgongo, akamwimbia mtoto. Nilikaa kwenye kiti nikimtazama, nimefura kama chura.

Hakunikataza kusema, kwa hiyo nilisema. Kesho yake mchana nilimpigia Esta nikamwaga yote. Kisha akapiga kelele kwa Kiingereza: mguu? Miaka mitatu, kwa sababu ya mguu? Nikasikia mumewe nyuma yake anauliza kuna nini, akaelezwa, akachukua simu mwenyewe. Unajua alichoniuliza? Kama alimuumiza. Miaka yote ile yule kijana alikuwa akiamini, bila kuthubutu kumwambia mkewe, kwamba alimvuta mama wa watu vibaya akamvunja kitu, na kwamba mama ameondoka kwa uchungu ili asimshtaki.

"Hukumuumiza, baba," nikamwambia. "Ulimponya. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza habari za mkwe. Alisikiliza vizuri, mwalimu yule, akauliza maswali ya maana. Sasa afanye nini? Aombe radhi? Hapana, nikamwambia, ukiomba radhi unalikumbusha jambo. Usimwangalie usoni. Usimsemeshe moja kwa moja. Ukiwa na neno, lipitishe kwa mkeo. Mpe nafasi ya kukuheshimu.

Shule zilipofungwa walikuja London, wakafikia kwangu. Nilimwita Mwenyekiti mara nne. Hakuja. Haingii nyumba ambayo mkwe amelala, akasema. Nikamwambia mtoto anauliza bibi yake. Akakata simu. Na alikuwa amebakiza muda mfupi tu aache kazi, miguu imegoma, akishaacha amepanga kurudi kwao Tarime moja kwa moja. Mtoto angemkosa hivi hivi, kwa kuchelewa tu, na Esta alikuwa ameshaniambia hatamfuata mtu Tarime kumwomba ampende mtoto wake.

Zamu za Mwenyekiti nilizijua. Siku ya wageni wangu kurudi Preston nikawakatia nafasi kwenye treni yake, na mimi nikakata tiketi mpaka Milton Keynes, kituo cha kwanza, nikasema nawasindikiza. Nilitaka mahali ambapo hawezi kukimbia. Treni ile ikishashika mwendo, mlango wa kutokea hakuna.

Tuliondoka Euston. Wembley ikapita, uwanja, nyuma za nyumba zetu, nguo kwenye kamba. Harrow ikapita. Esta amekaa upande wa njia, taya limekaza. Mumewe dirishani na mtoto mapajani. Mimi nimesimama mlangoni nyuma yao. Kisha nikasikia vikombe vinagongana.

Alikuja akisukuma lile toroli, anatabasamu kwa abiria, sare imenyooka, mwembamba kuliko nilivyomzoea. Akamwona Esta kwanza. Kisha akamwona mkwe. Macho yakaanguka chini hapo hapo, akavuta toroli kurudi nyuma. Nyuma yake abiria mmoja alikuwa anashusha sanduku, amejaza njia. Akageukia huku. Huku niko mimi.

"Katibu," akasema taratibu, "umenifanya nini?"

"Nilichotakiwa kufanya miaka mitatu iliyopita!" Sikujali abiria. "Sukuma toroli lako!"

Esta akaanza naye, kwa Kiingereza, sauti inapanda: alikuwa na nyuzi, alikuwa anaogopa, alimhitaji mama yake, alimlaani mama yake, alijilaani mwenyewe, alikaribia kumwacha mume mwema kwa kudhani ndiye chanzo. Abiria wakainamisha vichwa kwenye simu zao. Mwenyekiti amesimama anapigwa na maneno yote, ameshika toroli kwa mikono miwili.

Hapo ndipo yule mwalimu wa michezo alipogeuza uso dirishani. Aliugeuza kabisa, paji la uso likagusa kioo. Kisha, bila kuangalia, akamwinua mtoto, akampitisha juu ya magoti ya mkewe, akamshikilia pale njiani, mikono imenyooka. Treni ikafika konani. Behewa likalala. Mikono ikaanza kutetemeka, maana mtoto wa miaka mitatu si kikombe cha chai, na yeye hakugeuka. Mtoto mwenyewe alikuwa anamtazama Mwenyekiti kwa makini, kidole mdomoni.

Mwenyekiti akaachia toroli. Nikaliwahi mimi. Akampokea mtoto kwa uangalifu, kwa makwapa, vidole vyake visiguse vya mkwe wake, akamweka kifuani, akafumba macho. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, hata kwenye misiba. Mikono ya yule mwanamume ilibaki hewani, mitupu, hajui kama imemaliza kazi.

"Esta," Mwenyekiti akasema, sauti imepasuka. "Mwambie mkwe wangu ashushe mikono. Misuli itamkaza."

Mtu mwenyewe alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Esta akafuta pua na kiganja, bado amekasirika, akamwambia mumewe. Akaishusha, uso bado dirishani, na mimi nikabaki nimeshikilia chai ya behewa zima, na hasira yangu ya miaka mitatu, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuitupia.